Nane ya Babu, Saba ya Mama

Mwezi uliopita mke wa mwanangu alivunja chungu cha mwisho nilichokuwa nimebaki nacho cha mama yangu. Alikuwa akikihamisha kutoka jikoni, mkono ukateleza, basi. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa mume wangu, aliyekuwa amekaa nje akichonga mpini wa jembe, akasimama mbele yake, akamtazama usoni, akasema, "Baba, nimevunja chungu cha bibi. Nisaidie kumwambia mama." Mume wangu akamwambia, "Kaa kwanza, unatetemeka." Wakakaa benchi moja, mkwe na baba mkwe, wakipanga namna ya kunieleza, nami niko dirishani nasikia kila neno.

Chungu chenyewe sikukisikitikia sana. Kilikuwa kimechoka, mdomo umemeguka, na kwa miaka mingi hakikupimiwa kitu chochote, kilihifadhi chumvi tu. Jioni ile nilifikiria benchi. Ninyi wa rika langu, mliozaliwa huku kwetu wakati wa Wadachi, Wajerumani wale, hamhitaji kuelezwa. Mama yangu aliishi ua mmoja na babu yangu, baba wa baba, tangu alipoolewa, na sijui kama aliwahi kuuona uso wake vizuri.

Kwetu kulikuwa upande wa Ikolo, kwenye uwanda ule ambao masika maji yakipanda mtu hajui shamba lilipoishia na ziwa lilipoanzia. Baba alilima mpunga na migomba. Mama alikuwa Mkisi, wa upande ule milima inapoingia ziwani, ambako pa kulima ni padogo na wanawake wanafinyanga. Alikuja kwetu na mtumbwi uliojaa vyungu, akaolewa, na baada ya kuolewa akaendelea kufinyanga, maana udongo wa kwetu haukuwa mbaya ukiuchanganya vizuri. Mikono yake ilinuka udongo mbichi hata alipotupikia. Nilidhani mama wote wananuka hivyo.

Babu alikaa nyumba ya upande wa pili wa ua. Akikohoa tu, mama aliacha alichokuwa akifanya, akajifunika nguo usoni, akazunguka kwa kupitia migombani. Wakikutana njiani bila kutarajia, mama alitoka kabisa njiani akachuchumaa kwenye majani akiwa ameipa njia mgongo, mpaka babu apite. Babu naye alitazama mbele kama mtu anayepita porini peke yake. Haikuwa chuki. Kila jioni babu alinituma, "Mpelekee mama yako ndizi hizi, mwambie zimeiva vizuri," na mama alinituma, "Mpelekee babu yako samaki huyu, mwambie miiba nimetoa." Mimi ndiye niliyekuwa njia yao. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kubeba maneno bila kuyamwaga, na mdogo wa kutosha kutoyaelewa.

Pamoja na kutoonana, mama hakuruhusiwa kulitaja jina la babu, wala neno lolote linalosikika kama jina hilo. Na jina la babu, kwa bahati mbaya, lilikaribiana mno na neno tatu, ambalo kwa Kinyakyusa halitofautiani sana na kwa Kiswahili. Hata mimi sitaliandika hapa. Si kwa woga, ni mazoea tu. Basi mama hakusema tatu. Kuku wakiwa watatu alisema, "wawili na mmoja." Akitaka kuni tatu alisema, "lete nne, kisha rudisha moja." Kumi na tatu kwake ilikuwa nane na tano. Wanawake wote wa kwetu walikuwa na maneno yao ya kuzunguka namna hiyo, na waliyazunguka haraka sana hata usione kona. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na kuhesabu nilifundishwa na mama. Nilikaa muda mrefu nikiamini kwamba tatu ni namba ya wanaume, kama vile mikuki, na kwamba mwanamke akitaka kufika nne anairuka.

Vyungu vya mama vya kupimia vilikuwa sita. Alirithi mpango wake kwa mama yake, ambaye aliuza vyungu kando yote ya ziwa na hakutaka kubeba vipimo vingi mtumbwini. Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha mtu mmoja: mpunga wa kukijaza, ukitwangwa, ulimtosha mtu mpaka gulio linalofuata. Cha pili kilichukua viwili vya kwanza. Kuanzia hapo kila chungu kilizaliwa na viwili vilivyokitangulia. Cha mmoja na cha wawili, ukivimimina pamoja, vinajaza kinachofuata. Hicho ndicho cha watatu, ambacho mama alikiita mdogo wa cha watano. Cha wawili na cha watatu vinajaza cha watano. Cha watatu na cha watano vinajaza cha wanane. Cha watano na cha wanane vinajaza kile cha mwisho, cha watu kumi na watatu, ambacho mama alikiita kikubwa na kilihitaji watu wawili kukinyanyua kikijaa.

Kuvitengeneza kulikuwa kazi, kwa sababu udongo hunywea ukikauka, na hunywea tena ukichomwa. Mama alifinyanga kadhaa vya ukubwa unaokaribiana, akavichoma kwa nyasi na magome, vikipoa akajaza viwili vidogo kwa mchanga mkavu na kumimina ndani ya kila kimoja. Kile ambacho mchanga ulifika mdomoni sawasawa, bila kilima na bila bonde, ndicho alichokipaka udongo mwekundu shingoni. Vilivyobaki viliuzwa. Napenda bado kukumbuka alivyopitisha kiganja juu ya mchanga, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani kujua kama ana homa.

Kisha vita vikaja. Sisi watoto tulivijua kwanza kwa mizinga iliyosikika juu ya maji kutoka upande wa Mwaya, tukadhani ni ngurumo, tukaingiza mbuzi ndani. Baadaye tulivijua kwa askari. Walichukua ng'ombe, wakachukua mpunga, na safari nyingine wakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Baba alichukuliwa asubuhi akiwa na matope ya shamba miguuni. Mama alimfunga ndizi za kuchoma kwenye jani. Babu alitoka nje, mama akaingia ndani. Babu akaingia ndani, mama akatoka nje. Na kwa namna hiyo wote wawili walimuaga, kila mmoja kwa zamu yake. Baba alinishika kichwa akasema, "Ubebe maneno vizuri." Sikujua kama ni utani.

Mwaka huo masika yaliozesha sehemu kubwa ya kilichosalia shambani. Njaa ilipoonyesha dalili, babu aliwaita wenye nyumba za jirani. Alisema kila nyumba ikificha mpunga wake peke yake, askari wataukuta nyumba moja baada ya nyingine na kuumaliza. Na wenye wingi watakula huku jirani akitazama, kisha baadaye tutashindwa kuishi pamoja. Wakakubaliana kuuweka mpunga wote kibanda kimoja ndani kabisa ya migomba, na kuugawa kila baada ya gulio kwa idadi ya watu. Babu akatoa sharti moja, na alilisema mara mbili ili lisisahaulike: anayehesabiwa ni anayekula. Aliyechukuliwa na Wadachi hahesabiwi mpaka arudi, maana anakolishwa ndiko aliko.

Walipouliza nani atapima, hakuna aliyebisha. Vyungu vya mama vilijulikana. Lakini babu ndiye aliyejua idadi ya watu wa kila nyumba na ndiye aliyeaminiwa kuitaja, na mama na babu hawakuweza kusimama mahali pamoja. Basi vijana wakajenga ua wa matete. Babu alikaa kwenye kigogo upande mmoja, mama alipiga magoti na vyungu vyake upande wa pili, na watu walisimama upande wa mama. Mimi nilizunguka mwisho wa ua, huku na huku, nikibeba idadi. Mama alisikia sauti ya babu vizuri kabisa kupitia matete, hatua chache tu, lakini ilikuwa lazima neno lipite kwangu.

"Nyumba ya kisimani, watu kumi na mmoja," babu alisema. Nikazunguka. "Mama, kumi na mmoja."

Siku ya kwanza nilitaka kumsaidia, nikamwekea cha watano, cha watatu, cha wawili na cha mmoja, nikaona fahari kwamba nimepata kumi na mmoja kamili. Mama alitabasamu. Akaniambia nimimine cha watano na cha yule mdogo wake ndani ya cha wanane, nikaona kimejaa sawasawa. Akaniambia nimimine viwili vilivyobaki ndani ya kile cha watatu, nacho kikajaa. "Ukiona majirani wawili wamejaa, mkubwa anayewafuata anawatosha," alisema. "Usiwasimamishe majirani pamoja. Mpe mkubwa wao kazi."

Ndivyo alivyofanya daima. Vyungu vyote sita vilipangwa mstari, kidogo hadi kikubwa. Vinavyotumika kwa nyumba ile vilitazama juu, visivyotumika vilifunikwa kifudifudi, na kamwe hukuona vilivyotazama juu viwili vikiwa bega kwa bega. Kwa kufanya hivyo kila idadi ilikuwa na vyungu vyake, na hakuna idadi nyingine iliyoweza kuvaa vyungu hivyo hivyo. Watu walizoea haraka. Mwanamke aliyesimama nyuma kabisa alitazama mstari na kujua kama nyumba yake imepimiwa sawa, bila kusikia namba. Walianza hata kuitana kwa vyungu. "Sisi ni wa nane na moja," walisema, wakimaanisha watu tisa.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliona chungu kidogo hakisimami karibu na kikubwa kinachokifuata, kimojawapo lazima kiinamishe uso chini, nikajua kwa hakika kwamba vyungu navyo vinaogopana kwa heshima, kama mama na babu. Cha wanane ni mkwe wa cha watano. Niliviogopea. Nikivibeba kurudi ndani nilihakikisha midomo yao haitazamani.

Nyumba ya ng'ambo ya mfereji ilikuwa na watu kumi na watatu, ikachukua kile chungu kikubwa peke yake, na watoto wa nyumba ile walijivunia sana. Katikati ya njaa kitoto chao kidogo kikafa kwa kuhara. Gulio lilipopita, babu akasema, "Ng'ambo ya mfereji, kumi na wawili." Mama akakifunika kikubwa. Akasimamisha cha wanane, akaruka, akasimamisha cha watatu, akaruka, akasimamisha cha mmoja. Nilishangaa kwamba kitu kidogo kama kile, kilichokuwa na meno mawili tu, kimeondoka na mstari wote umebadilika. Mama wa mtoto aliangalia vyungu, kisha akaangalia migomba, mpaka mumewe alipopokea mpunga akamwambia twende.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kutajwa, kama ilivyo adabu. Tulikuwa babu, shangazi yangu mjane na watoto wake wawili, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Na baba.

"Nyumba yangu," babu alisema tangu siku ya kwanza, "nane."

Nikazunguka. "Mama, nane."

Nane ni rahisi: chungu kimoja, cha wanane, vingine vyote vimelala. Mama alikipita bila kukigusa. Kisha akasimamisha cha watano na cha wawili. Nikadhani hakusikia.

"Mama, babu kasema nane."

"Nimesikia," alisema, huku akichota mpunga. "Wanaokula ni saba."

Sikumwambia babu. Hakuna aliyeniambia nisimwambie. Ila neno lile mama hakulitoa kama la kubebwa, alilitoa kama la kuwekwa chini. Basi ikawa hivyo kwa magulio kadhaa. Babu alisema nane, mimi nikasema nane, mama akapima saba, na watu wote waliosimama pale wakaona. Babu peke yake, aliyekaa nyuma ya matete, hakuona. Mpunga wenyewe uliletwa nyumbani ukiwa kikapuni, na babu hakuwa mtu wa kuchungulia vikapu. Tulikula pia inzi wale wadogo wa ziwani, wanaokuja kama moshi, tukiwafinyanga vitonge na kuwachoma, na tulilala bila kushiba kama watu wote.

Aliyemfungua macho babu hakukusudia ubaya. Mzee mmoja wa jirani alikuja kumsalimu asubuhi, mimi nikiwa nafagia. "Ugonile," alisema, wakasalimiana, wakazungumza habari za maji kupungua. Kabla ya kuondoka yule mzee akasema, "Ndaga, ndugu yangu. Kwa hili la mpunga tunakushukuru sana. Mtu mwingine angemhesabu mwanawe. Wewe hukumhesabu."

Yule mzee alipokwisha kuondoka, babu aliniita. "Mama yako huwa anasimamisha vyungu vipi kwa nyumba yetu?"

Nilimtazama miguu. Nikasema, "Cha watano na cha wawili."

Siku ya kugawa ilipofika babu alitaja nyumba zote kama kawaida, sauti yake haina kitu. Ilipofika yetu alisimama kutoka kwenye kigogo, akaja mpaka karibu kabisa na matete. Niliona vidole vyake vikishika matete yale, na kwa upande wa pili mama aliona vidole hivyo hivyo vikichomoza, akavuta nguo yake mpaka puani.

"Mwambie mama yako mwanangu yuko hai," babu alisema.

Nikazunguka mwisho wa ua nikasema, "Mama, babu anasema baba yuko hai."

"Mwambie babu yako sijasema amekufa. Nimesema hayupo."

Nikazunguka tena. Mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa.

"Mwambie," babu alisema, "mwambie anamtoa mwanangu nyumbani kwake kwa chungu. Mtu akihesabiwa, anarudi. Usipomhesabu, atarudi wapi? Mwambie asimamishe cha wanane."

Nilirudi mbio, nikaanza, "Mama, babu anasema—" lakini mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akiwatazama watu waliosubiri na vikapu vyao, mmoja mmoja. Mbele alisimama mama mmoja mtu mzima, wa nyumba ya kwenye mwembe, ambaye wanawe wote walichukuliwa siku moja. Mama akageuza uso kuelekea ua wa matete, akasema yeye mwenyewe, moja kwa moja, bila kunipitia:

"Baba, huyu mama hapa ana watoto watatu kwa Wadachi. Watatu. Hujamtaja hata mmoja, na mimi sijampimia hata mmoja, na yeye hajanung'unika. Nikisimamisha cha wanane, huyu nitamwangalia kwa macho gani? Siku mume wangu akila hapa nitampimia nane, na sitangoja kuambiwa."

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimesikia neno lile likitoka kinywani mwa mama mara mbili, na kwa masikio yangu ilikuwa kama amelirusha jina la babu juu ya ua kama jiwe. Nilingoja kitu kitokee. Niliutazama mdomo wa mama nione kama unavimba, kama sisi watoto tulivyoambiwa. Hakuna kilichovimba. Vidole vya babu vikatoka kwenye matete.

Nilichungulia. Alikuwa ameketi, si kwenye kigogo bali chini, kwenye majani, mikono imelala mapajani. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mwambie mama yako aendelee na kazi."

Ni hilo tu. Nikalibeba. Mama akaendelea na kazi.

Nyumbani shangazi alisema lazima ng'ombe achinjwe, jambo kama lile haliachwi likakauka lenyewe. Babu akamjibu kwamba ng'ombe wako tumboni mwa Wadachi, na kwamba hilo ni lake na mkwe wake. Kwa muda nilikuwa nikiamka usiku na kwenda kusikiliza mlangoni kwa babu kama bado anapumua. Alikuwa anakoroma. Nikarudi kumtazama mama mdomo. Hatimaye nilichoka kungoja adhabu, na nadhani ndivyo hofu nyingi za utotoni zinavyokwisha, kwa kuchosha.

Lakini kuanzia siku ile babu hakuitaja tena nyumba yetu. Alitaja zote, akafika mwisho, akakohoa, akasimama na kwenda zake. Mama alingoja mpaka kikohozi kiishe, akasimamisha cha watano na cha wawili, akapima. Babu hakusema nane, hakusema saba. Aliacha pengo, na mama akalijaza, na wote wawili walionekana kuridhika na pengo hilo.

Siku moja babu aliniita nikae naye akimenya ndizi. Aliuliza kama najua kazi ya vyungu. Nikasema najua yote.

"Nane ni vyungu vingapi?"

"Kimoja."

"Na saba?"

"Viwili."

Alimenya kidogo. "Kwa hiyo akirudi," alisema, "kazi ya mama yako itapungua." Akanipa kipande kikubwa cha ndizi, akanisukuma niende. Sikukipeleka kwa mama kama neno, nilikila.

Wadachi waliondoka. Sikuwaona wakiondoka; niliona tu kwamba askari hawaji tena, na kwamba wanaume walianza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, miguu imejaa vidonda. Wawili kati ya wana wa yule mama wa kwenye mwembe walirudi, na mstari wa vyungu vyao ukabadilika, na watu walicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza pale kwenye matete. Mpunga mpya ulikuwa umeanza kuchanua. Kila mtu aliona kwamba kugawa kumebaki kidogo tu.

Ndipo alipokuja mtu kutoka Ngana, aliyechukuliwa kubeba mizigo kama baba. Alitembea kwa fimbo. Alimuulizia babu, wakaenda kukaa kwenye migomba mbali na nyumba. Nilitumwa na shangazi kuwapelekea maji. Waliponiona walinyamaza, yule mtu akanywa yote na kusema ndaga, akaniangalia muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia mtoto aliyeleta maji. Kisha akaondoka bila kula. Babu alibaki pale migombani. Nilipomuuliza kama kuna neno la kupeleka kwa mama, akasema hakuna.

Siku ya kugawa ikafika. Babu alikaa kwenye kigogo chake, akataja nyumba moja baada ya nyingine, nami nikazunguka. Jua lilikuwa zuri, matete yalikuwa yamekauka na yalipiga kelele kidogo kwa upepo wa ziwani. Nyumba ya mwisho ikapokea. Upande ule mama alikuwa tayari ameanza kusimamisha vyungu vyetu, maana alikijua kikohozi kinachofuata. Kikohozi hakikuja.

"Nyumba yangu," babu alisema.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nyumba yetu hutajwa.

"Saba," alisema.

Nikazunguka mwisho wa ua. Mama alikuwa amesimamisha cha watano, na cha wawili bado kiko mkononi mwake. Najua alikuwa amesikia, kwa sababu mkono ulikuwa umesimama hewani. Lakini kazi yangu ilikuwa kubeba, nikambebea.

"Mama, babu anasema saba."

Akakiweka kile chungu mahali pake, taratibu, mdomo juu. Akajaza cha watano, akapitisha kiganja, akamimina kikapuni. Akajaza cha wawili, akapitisha kiganja, akamimina. Kisha akavifunika vyote sita, kuanzia kile kikubwa mpaka kile kidogo, na alipokifunika cha mwisho hakuondoa mkono juu yake. Nyuma ya matete babu alianza kutoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Mama akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika, na wanawake waliokuwa wakiondoka wakatua vikapu vyao wakarudi.

Mimi sikuelewa. Nilipiga magoti karibu naye nikamvuta nguo. Nilikuwa na uhakika kuna kosa la hesabu mahali fulani, na kwamba mimi naweza kulirekebisha.

"Mama," nikamwambia, "mbona ni saba ile ile ya siku zote?"

Akanivuta karibu mpaka nikanusa udongo wa mikono yake.

"Ile ilikuwa yangu," alisema. "Hii ni ya babu yako."